Kushuka Soni kwa Gia ya Pili

Msafiri anayetoka Tanga kwenda Lushoto hupewa kwanza tambarare ndefu, ya kutosha kumsahaulisha kwamba mbele yake kuna mlima. Atapita Muheza na machungwa yake yaliyopangwa kando ya barabara. Atafika Segera, takribani kilomita 70 kutoka mjini, ambako magari ya Dar es Salaam na yale ya Moshi hupishana. Kisha ataingia Korogwe na joto lake, na baada ya hapo ni mkonge, mistari kwa mistari, huku milima ya Usambara ikimfuata upande wa kulia kama ukuta wa buluu usiotaka kusogea karibu. Pale Mombo mabasi husimama, abiria wakanyoosha miguu. Barabara kuu inaendelea zake kuelekea Same na Moshi. Anayekwenda Lushoto hukata kulia, na kabla hajaizoea barabara mpya gari lake limeshainua pua.

Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita thelathini na ushei tu, lakini si kilomita za kuhesabiwa kwa hesabu ya tambarare. Mombo ipo kwenye kimo cha mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Lushoto inakaribia mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita elfu nzima inamalizwa kwa kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde, na lami yenyewe si pana. Fuso mbili zikikutana, mojawapo hulazimika kusubiri.

Ni njia yenye umri wake. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893 wakiwa wameyakodolea macho mashamba ya Usambara. Reli hiyo ikafika Mombo mwaka 1905, na mji wa juu, ambao wao waliuita Wilhelmsthal kwa jina la mfalme wao, ukawa mahali pa kulikimbia joto la bondeni. Lakini Washambaa walikuwa wakipanda na kushuka mabonde haya kwa miguu zamani kabla ya hapo, na watawala wao wa ukoo wa Kilindi walikuwa na makao yao Vuga. Siku hizi kinachoshuka kwa wingi zaidi ni mboga. Kabichi, karoti na viazi hupakiwa huko juu jioni, na usiku malori hushuka nayo kuelekea masoko ya Dar es Salaam, moja nyuma ya jingine, taa zikizunguka mlima kama tasbihi inayovutwa polepole.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini kwa ndoa, na wa milimani kwa kuzaliwa. Mama yangu yuko huko juu, mbele kidogo ya Soni, na ana maradhi ya presha ya macho. Msomaji ambaye hayajaingia nyumbani kwake na amshukuru Mola. Ni maradhi yasiyo na haraka, na mara nyingi hayana maumivu ya kumfanya mtu apige kelele. Huiba kwanza pembeni mwa macho, na kilichokwisha kuibwa hakirudi. Dawa ya matone huzuia wizi usiendelee, kwa sharti isikatishwe na macho yapimwe kila baada ya muda. Kupimwa kwenyewe ni Tanga mjini. Kwa hiyo, kila miezi michache, Mama lazima ashuke.

Basi humtapisha. Mara ya mwisho aliposhuka kwa gari la kukodi, dereva aliweka fri tangu Soni, akisema anabana mafuta. Karibu na Mombo breki zilianza kunuka kama kitambaa kinachoungua, na kanyagio likawa linazama bila kushika. Aliweza kulisimamisha kwa hendibreki na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, tairi moja ikiwa kwenye majani. Mama hakuona kitu, kwa kuwa macho yalikwisha kupungua. Yeye alisikia. Alisikia injini imenyamaza na upepo unazidi. Alipofika nyumbani kwangu aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba akirudishwa kwake hashuki tena, na macho yake ayapokee Mola wake huko huko juu. Kliniki ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita.

Nyumbani kulikuwa na gari, na kwa muda mrefu hakuna aliyelifikiria kuwa ni jibu. Mume wangu, kabla kazi haijamhamishia Mtwara, alinunua Toyota Altezza ya rangi ya kijivu kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Ni gari ambalo vijana wetu wanalijua kuliko mimi. Lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, likachaguliwa kuwa gari la mwaka nchini humo kwa msimu wa 1998 na 1999, na nje ya Japani likauzwa kwa jina la Lexus IS. Nguvu zake huenda kwenye magurudumu ya nyuma. Lile letu ni la injini ya lita mbili yenye silinda nne, na kwa kuwa ni la gia za mkono, zenye hatua sita, kiwanda kililipa nguvu farasi 210. Ndani ya duara la spidi kuna vijiduara vitatu vidogo, mfano wa saa ya mkononi ya mtu mwenye mapesa. Kwa nje ni gari la milango minne kama mengine. Anayelisikia likiwaka ndiye hugeuka.

Majirani waliliita gari la vijana wa mjini, na waliosema hivyo hawakukosea sana, kwa maana Altezza nyingi zinazopita mitaani kwetu zimeshushwa zaidi na kuongezwa mlio. Kuishi nalo kuna taabu zake. Liko chini, na matuta ya barabarani hulisugua tumbo usipoyaendea kwa ubavu. Shokapu zake ni ngumu, kila shimo unalihesabu kwa kiuno. Mtu mzima akitaka kuingia hukaa kwanza kama anayekaa kwenye mkeka, kisha ndipo avute miguu. Mafuta hulinywa kwa heshima ukiliendesha kwa heshima, na hulinywa bila haya ukilikimbiza. Nami, leseni nilikuwa nayo, lakini mkono wangu ulikuwa umezoea otomatiki ndogo tuliyokuwa nayo zamani. Hili la gia sita lilikaa chini ya turubai, likiwashwa kila Ijumaa na mwanangu wa kiume ili betri isife.

Aliyelitoa chini ya turubai ni mjomba, kaka yake Mama. Mjomba aliendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka bandarini hadi Tunduma, na mlima Kitonga kule Iringa anaujua kona kwa kona kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake. Alikuja kunijulia hali, akasikia habari ya kliniki mbili zilizopita, akanyamaza. Kisha akaomba ufunguo.

"Hili ndilo la kumshusha dada yangu," alisema baada ya kuzunguka nalo mtaa mmoja. "Lina gia, lina breki nzuri, na liko chini, halitayumba kwenye kona. Lililobaki ni dereva."

"Basi mjomba utamshusha wewe."

"Mimi leo nipo, kesho sipo. Utamshusha wewe, mwanangu."

Somo la kwanza lilifanyika gari likiwa limezimwa. Alinikalisha kwenye usukani, akanifumbisha macho, akaniambia nitafute gia moja baada ya nyingine mpaka mkono uache kuuliza. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, kurudi, rivasi. Gia za gari hili zimekaribiana na mkono wake ni mfupi. Ukilazimisha, unaingia tano ukidhani umeingia tatu. Usilazimishe, alisema. Shika kama unavyoshika kikombe cha chai ya moto, peleka, gia itajivuta yenyewe. Nilikaa hivyo nusu saa, macho nimefumba, watoto wa jirani wakinitazama dirishani kwa huruma.

Ndipo akanieleza klachi, na katika maisha yangu sijaelezwa jambo la mitambo kwa uwazi kama ule. Alinyanyua viganja viwili vikitazamana. Kiganja hiki ni injini, haachi kuzunguka. Kiganja hiki ni magurudumu, yamesimama. Ukikanyaga klachi, viganja vimeachana, kila mmoja na lake. Ukiachia ghafla, anayezunguka anamkamata aliyesimama kwa nguvu, na mmoja lazima ashindwe. Ama gari litaruka, ama injini itazima. Ukiachia polepole, vinasuguana kwanza kidogo, huyu anampunguzia mwenzake na yule anampandia mwenzake, mpaka wanakwenda pamoja. Hapo katikati, pale vinapoanza kugusana, ndipo penye kazi yote. Mafundi husema klachi inakamata. Pale hapaonekani. Hujulikana kwa unyayo, kwa mtetemo mdogo unaopanda kwenye goti, na kwa sauti ya injini inayoshuka kidogo kama mtu aliyepokezwa mzigo.

Na ule msuguano, aliongeza, ndio unaoila sahani ya klachi. Wapo madereva wanaolishikilia gari mlimani kwa klachi, nusu wameachia na nusu wamekanyaga, wakidhani huo ni ufundi. Huko ni kuunguza fedha.

Kwa siku nne hakuniruhusu kugusa kanyagio la mafuta. Tulikwenda kwenye kiwanja cha wazi baada ya Alasiri, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kuliondoa gari kwa klachi peke yake, likatambaa, likasimama, likaondoka tena. Likizima, tunaliwasha. Hakuna aliyepandisha sauti. Siku ya tano akaniruhusu mafuta, na gari lile, lililokuwa likitambaa kama kobe, likaonyesha lilivyozaliwa. Injini yake haina nguvu nyingi chini. Ukiondoka kivivu inalegea. Lakini ikipandisha mzunguko hubadilika sauti na tabia, na mwili ukabanwa kwenye kiti. Ninaelewa sasa kwa nini vijana hulipenda. Ninaelewa pia kwa nini baadhi yao hawarudi nyumbani, na sitaki kulipamba neno hilo. Gari lenye nguvu farasi 210 kwenye barabara ya vijiji yenye kibao cha 50, ng'ombe, watoto wa madrasa na boda zisizo na taa, ni amana nzito kumkabidhi mtu wa miaka ishirini kwa sababu tu kodi ya forodha imelipwa.

Mitaa ya Ngamiani ikawa darasa langu la pili. Anayeijua Tanga anajua barabara zake za namba zilivyonyooka, na baiskeli zilivyo nyingi. Kila njiapanda ni kupunguza, kukanyaga klachi, kurudisha gia, kutazama, kuondoka. Mjomba alifunika kijiduara cha mizunguko ya injini kwa kipande cha karatasi. "Mama yako atakuwa anakusikiliza," alisema, "nawe jifunze kwa masikio." Baada ya wiki mbili nilikuwa nikibadilisha gia bila kujua kwamba nimebadilisha, kama mtu anayevuta pumzi.

Tanga ina aibu moja kwa mwanafunzi wa gia, nayo ni kukosa vilima. Tulipata kijiteremko kimoja cha kuelekea ufukweni, kifupi, lakini chenye kutosha kulirudisha gari nyuma, na hapo nikafundishwa kuondoka mlimani. Vuta hendibreki. Ingiza ya kwanza. Ongeza mafuta kidogo, inua klachi mpaka pua ya gari iinuke kama farasi anayetaka kwenda. Hapo, na si kabla ya hapo, shusha hendibreki. Nyuma yangu mjomba aliweka ndoo ya plastiki. Jioni ya mwisho alihamisha ndoo, akasimama mwenyewe pale ilipokuwa, mikono nyuma, akitazama baharini.

Lakini yote hayo ni kupanda. Kilichomtisha Mama ni kushuka, na kwa jambo hilo mjomba alitenga Jumamosi nzima bila kuwasha gari.

Breki, alisema, hazilimalizi lile vumbo la gari. Hulibadilisha kuwa joto. Kila unapokanyaga, ule mwendo unahamia kwenye vyuma na kuvipasha moto. Tambarare, vyuma hupata nafasi ya kupoa. Mlimani hakuna nafasi hiyo. Ukizitegemea breki peke yake kutoka Soni hadi Mombo, kila kona unaongeza joto juu ya joto, mpaka brekipadi zinapoteza kushika, na mafuta ya breki yenyewe yanaweza kuchemka. Yakichemka huwa na mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, mguu unazama, gari halina habari. Ndicho kilichotokea siku ile na lile gari la kukodi.

Dawa yake ipo ndani ya injini. Ukiwa kwenye gia ndogo na ukaondoa mguu kwenye mafuta, mambo hugeuka. Si injini inayozungusha magurudumu tena, bali magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini haipendi kuzungushwa. Inakataa, inanguruma, na katika kukataa kwake inalishikilia gari. Breki zinabaki baridi kwa ajili ya kona na kwa ajili ya mbuzi aliyejitokeza. Madereva wa malori wana kanuni yao ya zamani, kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ukapanda kwa ya pili, shuka kwa ya pili. Na uichague kabla ya mteremko, si katikati yake, kwa kuwa mwendo ukishakuwa mkubwa gia ndogo itakataa kuingia, na utabaki fri palepale usipopataka.

Nikamuuliza kuhusu mafuta, kwa sababu yule dereva alisema anabana matumizi, na wengi husema hivyo. Mjomba akacheka. Labda kwa magari ya zamani ya kabureta, alisema. Haya ya sindano yana akili yao. Ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu umeondoa, kompyuta hukata mafuta kabisa, kwa maana injini inazungushwa na mlima bure. Ukiweka fri, injini haina wa kuizungusha, hivyo lazima inyweshwe ili isizime. Anayebana mafuta kwa fri anayamwaga. Na anayezima injini kabisa amejivua pia msaada wa usukani na wa breki, akabaki na chuma kizito kinachokwenda kilipoelekea.

Hapa niseme neno kwa wenye otomatiki, ambao ndio wengi, ili wasidhani habari hii ni ya watu wa gia peke yao. Pale kwenye mkono wa gia yenu, chini ya D, mara nyingi pana 2 na L. Wapo walioendesha miaka kumi hawajawahi kuzigusa, wakidhani ni mapambo. Ndizo gia za mlima. Kushuka Soni kwa D huku mguu umekaza breki ni jambo lile lile la yule dereva, ila kwa taratibu zaidi.

Tuliondoka Tanga siku ya kazi, baada ya Alfajiri, mimi kwenye usukani, mwanangu kando, mjomba nyuma amekunja miguu kwa sababu kiti cha nyuma cha gari hili hakikupimwa kwa watu warefu. Dua ya safari tuliisoma kabla ya kutoka uani. Hadi Mombo sina la kusimulia, ila kwamba askari wa tochi walikuwa mahali pao, nasi tulipita kwa 50 tukiwa na gia ya sita isiyo na kazi. Kupanda kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Altezza hupenda kupanda. Gia ya pili, ya tatu panaponyooka, ya pili tena, na usukani wake unajibu kona kama umeisoma kabla yako. Hewa ikaanza kubadilika, vioo vikapoa. Kabla ya kuingia Soni tukayaona maporomoko ya maji kando ya barabara, nyuzi nyeupe zikiteleza juu ya mwamba mweusi. Pale Soni njia ya Bumbuli inachepuka, na palikuwa na akina mama wenye mapeasi kwenye beseni. Mjomba hakusema neno njia nzima. Kwa mtu aliyemjua, hiyo ilikuwa sifa.

Mama alitusikia kabla hatujafika. Alikuwa amesimama barazani, kanga kichwani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Ni lako hilo linalonguruma?"

"Ndilo, Mama."

Alilipapasa gari kutoka taa ya mbele hadi mlango, akainama, akapapasa tena. "Liko chini kama mkeka," alisema. "Nani anashusha?"

Tulilala. Hakuna aliyemshurutisha. Usiku alimwita kaka yake wakazungumza Kishambaa chumbani, kwa sauti ndogo. Sikusikia yote wala sikutegesha sikio. Asubuhi nilimkuta amevaa, bahasha ya kliniki mkononi, chupa ya matone imefungwa kwenye leso.

Alikaa mbele. Mjomba alijikunja tena nyuma, na kabla hatujatoka kwenye njia ya kijiji alikuwa amefumba macho, sijui kwa usingizi au kwa makusudi. Soni tulisimama. Nikaingiza gia ya pili palepale, kabla barabara haijainama, nikaondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikanyanyua sauti.

"Hiyo ya ngapi?" Mama aliuliza.

"Ya pili."

"Usiitoe."

Akaomba kioo kishushwe. Msomaji, mimi nimeipita njia ile tangu nikiwa mgongoni, lakini sijapata kuisafiri kama siku ile, kwa sababu nilikuwa nasimuliwa na mtu asiyeiona. Maji, alisema, na kweli tulikuwa tunayapita maporomoko. Hapa pana kona mbili zinazofuatana, alisema, na zilifuatana. Mahali fulani injini ilipoongeza sauti mteremko ulipozidi, alishika ukingo wa kiti. Nikagusa breki kidogo, nikaachia, kama nilivyofundishwa: gusa, achia, acha zipoe. Sauti ikashuka, na mkono wake ukalegea. Fuso tupu ikatujia kutoka chini. Nikajibana kwenye mwamba, dereva wake akaninyanyulia mkono. Nyuma yetu Noah mbili zilikuwa zikipiga honi kwa haraka zao. Tulipopata upana tukazipisha. Harufu ya breki zao ilituingilia dirishani, na Mama akaitambua mara moja. Hakusema chochote, alijifunika pua kwa ncha ya kanga.

Joto lilitupokea kabla ya Mombo. "Tumefika chini," alisema, na palikuwa bado na kona tatu.

Tulisimama penye msikiti wa kando ya barabara. Mjomba, ambaye usingizi wake ulikwisha palepale gari liliposimama, alishuka, akachuchumaa karibu na gurudumu la mbele, akasogeza kiganja kwenye rimu bila kuigusa. Akaniita nifanye vilevile. Palikuwa na uvuguvugu, kama wa sufuria iliyoepuliwa zamani. Akanyanyuka akipangusa magoti, akaenda kutawadha.

Kliniki ilikuwa siku iliyofuata. Presha ya jicho la kulia ilikuwa imepanda katika miezi ile aliyokosa, na sehemu ya kuona imepungua kidogo. Ile ya kushoto imesimama. Daktari aliongeza aina ya pili ya matone na kutupa tarehe, akasisitiza isipite. Kilichopotea katika kliniki zile mbili kimepotea. Mama alilipokea neno hilo kimya, akauliza matone mapya yanakaa wapi, kwenye joto au penye ubaridi.

Tumekwishashuka mara tatu tangu hapo. Gari lina gharama zake. Sahani ya klachi ilikuwa imeliwa na mwenye gari wa kwanza, na fundi amesema tuibadilishe kabla ya masika, pamoja na mkanda wa taimingi, ambao kwa injini hii haungojwi ukatike. Vipuri vyake havipatikani kila duka. Mume wangu, kila akipiga simu kutoka Mtwara, hurudia kwamba tungeliuza tukanunua lililo juu kidogo na la otomatiki, kiuno cha Mama kipumzike. Nilimfikishia Mama shauri hilo, kwa kuwa kiuno ni chake.

"Liuzeni," alisema. "Lakini atakayelinunua mwambieni kliniki ni mwezi wa Shaabani."